Miaka ya Nyongeza

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka la Fundi, na anayekaa mwisho wa upande wa barabara lazima akanyage chini kwa miguu yote miwili, la sivyo wenzake wakisimama kwa pamoja yeye ataishia chini. Kila siku kuanzia saa tisa alasiri hujazwa na watu walewale. Fundi, mshona suruali, hukaa karibu na mlango ili asikie mteja akiita. Kinyozi wa duka la pili huja na taulo begani hata siku ambayo hana kichwa cha kunyoa. Dereva, aliyeendesha basi la mtaa huu miaka ishirini na tisa na kustaafu bila kugonga hata kuku, hukaa katikati, kwa maana anapenda kusikika pande zote mbili. Na Profesa, ambaye ni profesa wa kweli wala si wa jina la kijiweni, hukaa pale mwisho pa kukanyagia. Mama wa kahawa huweka jiko lake mbele yao, na vikombe huzunguka mpaka birika likauke.

Siku hiyo Profesa alifika na bahasha ya kaki, akaikalia. Ndani yake mlikuwa na kurasa za kitabu chake cha mwisho, zilizotoka kwa mpiga chapa kwa ajili ya kusomwa na kutiwa sahihi. Zilitakiwa zirudi kesho asubuhi. Tatizo ni kwamba wiki iliyopita mwanafunzi wake wa mwisho, binti anayeandika tasnifu yake ya udaktari, alimpigia simu akamwambia ameingia stoo ya fomu za zamani na kuona jambo asilolielewa kuhusu mtaa huu. Akaomba aje amuulize kabla hajatia sahihi. Profesa akamjibu kwa maringo kidogo kwamba asimuulize yeye, aje kijiweni saa kumi na nusu awaulize wenyewe. Tangu ajibu hivyo hakuwa amelala usingizi wa maana.

Kazi aliyoifanya maisha yake yote inaitwa epidemiolojia ya uzee. Ukimwomba aieleze kwa lugha ya nyumbani, husema kwamba daktari humuuliza mtu mmoja anaumwa nini, ila yeye aliuliza mtaa mzima nani anazeeka haraka, nani polepole, na kwa nini. Miaka thelathini na minne iliyopita, akiwa mhadhiri mdogo mwenye jozi moja ya viatu, alianza kuwafuata wazee wa mitaa sita, wa miaka sitini kwenda juu. Kila baada ya miaka miwili alirudi nyumba kwa nyumba, akawapima tena mikono, miguu na kumbukumbu. Mitaa mitano ilizeeka kama kawaida. Huu wa sita ukamshangaza. Wazee wake wa miaka sabini na tano walikuwa na nguvu za watu wa sitini na tano. Kwa habari hiyo alipandishwa cheo, akaalikwa kwenye mikutano ya nchi za mbali, na sura ya nne ya kitabu kilichokuwa chini ya makalio yake ilikuwa ya mtaa huu peke yake.

Alikunywa kikombe cha kwanza kimya. Cha pili alikishika tu.

— Hebu niambieni, akasema. Kwa nini wazee wa mtaa huu walikuwa na nguvu vile?

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwauliza. Yeye ndiye aliyejua, na wao walizoea kumsikiliza.

— Leo umetuletea mtihani, akasema Dereva.

— Nauliza tu.

— Basi andika. Ni ngazi. Toka kituo cha basi mpaka nyumba ya kwanza kuna ngazi themanini na nane. Abiria wangu walikuwa wakizihesabu kwa sauti wakipanda na vikapu. Unadhani mtu wa hivyo anazeeka saa ngapi?

Profesa aliitikia kwa kichwa, akapata nafuu kidogo. Hayo ya ngazi ndiyo aliyoyaandika mwenyewe, na majedwali matatu ya kuyathibitisha.

Lakini Kinyozi hakukubali. Alisema ngazi zipo mpaka leo, na magoti yake yeye yanalia kama mlango. Kwa maoni yake chanzo kilikuwa kioo. Enzi zile mtaa mzima ulikuwa na kioo kikubwa kimoja tu, cha duka la baba yake, na wazee walijiona mara moja kwa mwezi. Mtu asiyeuona uso wake, alieleza akipangusa taulo, hana habari kama ameshazeeka, na mwili nao haupati taarifa.

— Hiyo ya kioo ni ya wanawake, Dereva akamkata. Kilichowazeesha watu ni saa. Wakati ule saa ilikuwa ya kwenye basi langu tu. Siku hizi kila mtu ana simu, kila dakika anachungulia, kila akichungulia ameshazeeka dakika moja.

Mama wa kahawa akataka kusema neno juu ya kahawa. Wakamwambia yeye ni mfanyabiashara, ushahidi wake haupokelewi. Akacheka, akamimina.

— Sikiliza sasa hii, Dereva akaendelea, kwa kuwa alikuwa ameshapata moto. Mtaa huu umeinama. Vitanda vyote vichwa vilielekea juu. Sasa mtu akilala, miaka inateremka yenyewe, inapita miguuni, inaenda zake mtaa wa chini. Ndiyo maana wale wa chini walizeeka mapema.

— Hilo kweli, akasema Kinyozi. Shangazi yangu aliolewa kule chini. Mwaka mmoja tu akawa bibi kizee.

— Aliolewa na nani?

— Na mjomba wako.

— Basi hilo si la mteremko.

Hata Profesa alicheka. Aliyebaki kimya ni Fundi, aliyekuwa akipinda ukingo wa suruali ya mtu. Alishona polepole mno, na uzi ulipokwisha aliendelea kupitisha sindano tupu mara mbili kabla ya kugundua.

Vicheko vilipopungua, walianza kukumbuka. Ilikuwa kawaida yao, na Profesa aliipenda kuliko kahawa yenyewe. Dereva alikumbuka mistari ya chaki ambayo Profesa aliichora sakafuni mwa kila nyumba, mita nne kwa rula, na wazee wakiambiwa watembee kwa mwendo wao wa siku zote, wanatembea kwa mwendo wa watu wanaokwenda kuposa. Kinyozi alikumbuka kiti kisicho na mikono, ambacho ilibidi mzee asimame na kukaa mara tano bila kujishika. Kulikuwa na bibi wa nyumba ya kona aliyesimama mara tisa, akaambiwa inatosha, akasema yeye ndiye atakayejua kama inatosha.

Profesa mwenyewe alikumbuka kile kifaa cha kubana kwa mkono. Mshale wake ulipanda kwa kadiri ya nguvu za mtu, na wazee walikigeuza mashindano bila yeye kupenda. Walijua kila mtu amebana kilo ngapi. Walitaniana barabarani kwa namba. Na aliyekuwa akishinda kila mara ni baba yake Fundi, mtu mfupi, seremala, mwenye kiganja kipana. Mara tisa alimpima mtu yule katika miaka kumi na sita. Mara tisa alikaa katika chumba kile cha nyuma chenye harufu ya gundi ya mbao, akamsomea maneno kumi ya kukumbuka, na mzee akayarudisha yote, kisha akamwekea chai na kumwomba asiondoke haraka. Profesa alikuwa amemzika baba yake mwenyewe akiwa shule ya msingi. Hakuwahi kumwambia mtu kijiweni, lakini kuna miaka aliyoipanga ratiba nzima ya utafiti kwa namna ambayo nyumba ya seremala ingekuja mwisho, ili asiwe na mahali pengine pa kuwahi.

— Alikuwa anajifua, yule, akasema Dereva. Wiki nzima kabla hujaja anakamua nguo mbichi za majirani. Tulikuwa tunamletea mashuka.

— Kujifua tu? akasema Kinyozi. Na kujipamba je? Nani alikuwa anampaka poda, kama si mimi?

Akacheka peke yake. Dereva alimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

— Poda ya nini? akauliza Profesa.

Kinyozi alitazama barabarani kama aliyemwona mteja. Hakukuwa na mteja.

— Nimeteleza ulimi, akasema. Yamepita, Profesa. Kunywa kahawa.

— Poda ya nini?

Fundi aliiweka suruali chini. Aliichomeka sindano kwenye kola ya shati lake, mahali pake pa siku zote, akakunja mikono.

— Waache. Nitasema mimi, maana baba alikuwa wangu.

Akasema bila kumtazama mtu. Mwaka ule Profesa alipoanza, mama yake Fundi alifariki mwezi wa pili. Baba akahamia chumba cha nyuma na vifaa vyake. Fundi alikuwa kijana, hakujua mtu mzima anaongeleshwaje akiwa na msiba. Kila jioni alimuuliza kama amekula, baba akajibu amekula, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya siku nzima.

— Halafu ukaja kwa yule bibi wa kona, Fundi akaendelea. Ukakaa saa nzima. Baba alikuwa dirishani, anasikia. Ulimuuliza amelalaje. Ulimuuliza kama kuna kitu kinamchekesha siku hizi, anaongea na nani, anaogopa nini. Jioni baba akaniita. Akaniuliza, yule kijana anachukua watu wa umri gani? Nikamwambia sitini kwenda juu. Akasema, basi niandikishe sitini na mbili.

— Na alikuwa na mingapi?

— Hamsini na kitu. Nywele nyeusi tupu. Ndiyo tukampeleka kwa Kinyozi, akampaka poda hapa na hapa.

Akaonyesha pande mbili za kichwa chake mwenyewe, ambazo sasa zilikuwa nyeupe bila msaada wa mtu.

Wazee wa mtaa huu wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na kwa ajili yao Profesa aliweka utaratibu aliouona mzuri, ambao baadaye aliufundisha darasani. Mzee asiye na karatasi aliulizwa kuhusu matukio, daraja lilijengwa akiwa ameshaoa au bado, mafuriko makubwa yalimkuta na watoto wangapi. Kisha jirani mmoja anayeaminika alithibitisha na kuweka sahihi. Majirani walioaminika walikuwa vijana watatu wa kwenye benchi hili. Dereva, Kinyozi, na Fundi.

— Ni yeye peke yake? akauliza.

Dereva aligeuza kikombe chake mkononi.

— Dereva. Nimekuuliza.

— Mimi niliweka sahihi kumi na sita, akasema Dereva taratibu. Kumi na saba ukiongeza na ba’mdogo wangu.

— Mimi kumi na tatu, akasema Kinyozi.

— Nami zilizobaki, akasema Fundi.

— Kwa hiyo mnaniambia, akasema Profesa, kwamba nimezunguka dunia miaka thelathini na minne nikiwaambia watu uongo wenu? Nimefundisha uongo? Nimepewa cheo kwa poda ya kinyozi?

Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya haki. Mama wa kahawa alirudisha birika jikoni bila kulijaza. Lakini Dereva hakuinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kupenda mzaha, na alipoacha mzaha ilionekana.

— Kumbuka vizuri, akasema. Ulikuja ukakaa hapohapo ulipokaa sasa, na daftari mkononi. Ukatuambia umezunguka mtaa wote umepata wazee hamsini na tisa, na wanaotoa pesa za utafiti wanataka mia kamili kila mtaa, la sivyo mtaa unafutwa. Ukasema, bado arobaini na mmoja. Machozi yalikuwa yanakulengalenga, Profesa. Kijana wa watu, msomi, unataka kulia mbele ya wauza duka.

— Sikuwaambia mtengeneze watu.

— Hukutuambia. Tulikuona tu. Tulishakuzoea. Tukajua mtaa ukifutwa hutarudi tena. Tukakutafutia arobaini na mmoja ndani ya wiki moja, na hakuna hata mmoja tuliyemlazimisha. Walitaka kuulizwa wamelalaje.

— Hatukujua inaharibu nini, akasema Fundi. Tulidhani ni kuandikwa tu.

Kilichomjia Profesa ni siku yenyewe, asubuhi ya kwanza katika chumba cha seremala. Alimwona mtu yule akiwa ameketi wima kwenye kiti, amevaa shati la buluu lililopigwa pasi, mikono juu ya magoti, anasubiri kuulizwa. Na kwenye kola ya shati la buluu, pande zote mbili, unga mweupe. Aliuona. Hakuusahau hata siku moja, ila aliuweka mahali ambapo hakuwa na haja ya kupita. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, daftari lilikuwa na wazee hamsini na tisa, na mbele yake alikaa mtu mwenye mikono ya kubeba mlango, aliyejipaka poda ili aonekane mzee. Ungemuuliza mtoto yeyote angekwambia. Aliandika sitini na mbili, kisha akamuuliza amelalaje.

— Niliiona ile poda, akasema.

Wakamgeukia wote.

— Ilikuwa imemwagikia kwenye kola. Niliiona, nikaandika. Kwa hiyo msijibebeshe yote.

Kinyozi alisema kwa sauti ya chini kwamba siku ile alipaka nyingi mno, mkono ulikuwa bado haujazoea. Hakuna aliyecheka, ingawa baadaye wangecheka.

Binti alifika wakati huohuo, akipanda taratibu na begi la faili begani, akihema. Aliwaamkia wazee, wakaitikia. Dereva akasogea ampishe, lakini yeye akakataa kukaa. Alionekana mtu aliyefanya mazoezi ya maneno yake njia nzima na anaogopa kuyasahau.

— Profesa, samahani. Naomba niulize kimoja tu, nisiwachoshe.

— Uliza, mwanangu. Waulize hawa.

Akatoa fomu. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na Profesa aliutambua mwandiko wake wa ujanani, ule wa herufi za kujikweza. Binti akasoma jina la seremala, lote, kama lilivyoandikwa. Fundi akanyoosha mgongo aliposikia jina la baba yake likisomwa na mtu asiyemjua.

— Huyu ndiye wa kwanza kati ya wale arobaini na mmoja walioongezwa mwishoni, akasema binti. Nataka kujua tu, alizaliwa mwaka gani?

Dereva akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Fundi.

— Mwaka ulioandikwa kwenye kaburi ninaujua, akasema Fundi. Naujua kwa moyo.

— Mliupata wapi?

— Kwenye kadi yenu ya utafiti. Ile mliyowapa, yenye muhuri. Ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza baba kupata yenye jina lake. Kitambulisho alikipatia kwa kadi hiyo. Hata pale hospitali waliandika kwa kadi hiyo. Alipofariki, aliyechonga jiwe akaniuliza mwaka, nikamletea kadi.

— Na wa kweli?

Fundi alihesabu kwa vidole, akaacha, akaanza tena. Alisema bibi yake aliujua. Alisema kulikuwa na mambo ya daraja, lakini sasa hakumbuki kama baba alizaliwa kabla ya daraja au kama ni yeye aliyesema hivyo siku ya kuandikisha, ili miaka itimie. Alisema hamsini na kitu, ila kitu hicho ni ngapi hajui. Dereva naye hakujua. Kinyozi alikumbuka kichwa tu.

— Nimeipoteza, akasema Fundi. Miaka ya baba yangu nimeipoteza mimi mwenyewe.

Binti alikaa sasa, bila kuambiwa. Alieleza huku akimtazama Profesa. Mzee asiyejulikana mwaka wake hawezi kuwemo katika hesabu ya uzee. Wote arobaini na mmoja wakitoka wanabaki hamsini na tisa, na yeye jana alirudia hesabu kwa hao tu. Mtaa huu haukutofautiana na mingine. Ulizeeka kama yote.

— Nimerudia mara tatu, akasema. Nilitaka nikosee. Mimi niliingia kazi hii kwa sababu ya mtaa huu, Profesa. Nilisoma habari zake nikiwa mwaka wa kwanza, nikasema lazima nije nione.

Dereva alikohoa. Alisogea mbele ya ubao, akaweka viwiko magotini, akaongea kwa upole ambao hawakumzoea nao.

— Binti, hapa kuna watu wazima watatu. Mashahidi ni walewale, wote tuko hai, akili zetu timamu. Wewe andika mwaka unaofaa kwa kila mmoja, sisi tunaweka sahihi. Kalamu ninayo. Kitabu cha rafiki yetu kinarudi kwa mpiga chapa kesho.

— Mimi naweka, akasema Kinyozi.

Fundi alichelewa, lakini naye akaitikia kwa kichwa.

Profesa aliwatazama mmoja mmoja. Walimaanisha kila neno, wala hawakuwa na haya, na kwa kitambo aliwapenda mno. Ingekuwa rahisi. Binti angekataa, lakini akiambiwa na mwalimu wake angeweza kunyamaza, na sura ya nne ingesimama mpaka yeye mwenyewe azikwe. Profesa alitoa bahasha, akatafuta sura ya nne, akaikunja katikati na kuitenga na nyingine. Zilikuwa kurasa ishirini na sita. Akazikabidhi kwa mama wa kahawa, akamwambia asizitumie kufungia kitu, aziweke tu, ili yeye Profesa asije akabadili mawazo njiani.

— Andika haijulikani, akamwambia binti.

— Wote?

— Mmoja mmoja. Soma jina, waulize hawa, wakikosa andika haijulikani. Na pale kwenye maelezo andika kwamba mtafiti aliona poda. Uandike hivyohivyo, poda.

Binti akaandika. Kalamu ilisikika kwenye karatasi. Alipomaliza alitaka kuigeuza fomu, lakini Fundi akaweka kiganja chake juu yake, kiganja kipana.

— Kwa hiyo baba ametoka.

— Kwenye hesabu, ndiyo, akasema binti. Samahani, mzee.

— Na zile mara tisa? Fundi akamuuliza Profesa. Kule kuja kwako, kukaa, kumuuliza amelalaje. Nako kumetoka?

Miaka yote Profesa aliwafundisha wanafunzi wake kwamba kisichoingia kwenye hesabu hakikutokea, na alikuwa amelisema hilo vizuri, hata watu wakaandika.

— Zile nilikuja kweli, Fundi, akasema.

Fundi akatoa mkono juu ya karatasi. Binti akaigeuza, akasoma jina la pili, na Dereva akaomba apewe muda akumbuke, kwa sababu huyo alikuwa ba’mdogo wake.